Ni Nani Aliyeazima Mtumbwi

Mimi nimesoma ngumbaru. Nasema mapema, ili asije mtu akaniuliza nilianzia wapi kuchambua maneno ya Kiingereza. Nilisoma jioni, pale Garsen, katika darasa la watoto wa shule ya msingi, kwenye madawati ambayo mtu mzima akikaa magoti yanamfikia masikioni, na katika joto ambalo ungeweza kuweka sufuria ya maji dirishani na kusonga ugali. Mchana nilikuwa nasimamia mashine ya unga. Nikitoka kazini nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kandambili, na mwalimu wetu alinitaka nijikung'ute nje kwanza, kama mkeka, ndipo niingie. Uchovu wa siku zile sijaupata tena, na sijui kama mwingine uliobaki duniani unaufikia. Siku moja nilisinzia nikiwa nimesimama nasoma kwa sauti, na wenzangu wanaapa kwamba niliendelea kusoma hadi mwisho wa ukurasa, tena usingizini nilikosea mara chache kuliko nikiwa macho.

Lakini nilihitimu. Na katika yote niliyofundishwa, hesabu zikiwemo, kilichonisumbua kuliko vyote ni maneno mawili madogo ya Kiingereza: lend na borrow.

Mwalimu alikuwa binti ambaye kwa umri ningeweza kumwita mwanangu, mpole, na yeye pia alikuwa amechoka, kwa sababu mchana kutwa alifundisha watoto kabla ya kutufundisha sisi. Alichukua rula mezani. Akasema rula ikitoka kwangu kwenda kwako, mimi nime-lend. Rula hiyo hiyo, safari hiyo hiyo, ukiitazama kutoka upande wako, wewe ume-borrow. Akaipeleka na kuirudisha, akaipeleka na kuirudisha, mpaka macho yetu yakawa yanaifuata kama watu wanaotazama mchezo wa mpira.

Kwetu yote mawili ni kuazima. Nikiazima jembe kwa jirani, nimechukua. Nikimwazima jirani jembe, nimetoa. Na mtu akikuambia tu, "Lile jembe niliazima," unachojua ni kwamba jembe limesafiri. Lilikoelekea, itabidi umuulize tena.

Nikainua mkono, nikasema kwa Kiingereza changu bora cha siku hiyo, mwalimu, tafadhali borrow me rula yako. Akafumba macho kidogo. Akasema ukiniambia hivyo, unaniomba mimi nikaazime rula yangu mwenyewe kutoka kwangu mwenyewe. Nyuma yangu alikaa mama mmoja muuza chapati za pale stendi. Akasema, "Mwalimu, usijisumbue. Hapa tunajuana. Rula ikikosekana tutajua iko kwa nani."

Tulicheka wote, na mwalimu akacheka, na kengele ya kwenda nyumbani ilipolia nilikuwa bado sijaelewa. Nilidhani ni mambo ya mtihani tu. Sikujua kwamba maneno yale yangenifuata hadi kwetu.

Kwetu ni kijiji cha kandokando ya mto, ukitoka Garsen kwa njia ya kwenda Kulesa. Sisi ni Wapokomo, nyumba yetu iko ng'ambo hii na shamba la mama liko ng'ambo ile. Kati yake kuna Mto Tana, ambao ukijaa ni mpana kama bahari mbili, na hata ukipungua una viboko na mamba wa kutosha kumfanya mtu akumbuke sala zote alizofundishwa utotoni. Mama alivuka kila asubuhi kwa mtumbwi wetu kwenda kwenye migomba na mahindi yake, akarudi jioni. Bila mtumbwi angelazimika kwenda chini hadi daraja la Garsen, kisha apande tena upande wa pili, na akifika shambani jua lingekuwa limeshaanza kurudi nyumbani.

Mwaka huo wa masomo yangu baba alipigwa na kiharusi. Alilala hospitali ya Ngao, akarudi na mkono mmoja unaofanya kazi na maneno machache mno. Aliyekuwa mtu wa kuongea toka chai ya asubuhi hadi taa kuzimwa, sasa alipewa maneno kama mtu anayepewa chumvi kwa ncha ya kisu. Nilihamia kwao ili nisaidie kumgeuza na kumwosha. Asubuhi baba, mchana mashine, jioni ngumbaru, na katikati bodaboda ya vumbi. Nilikonda mpaka mkanda ukawa unanizunguka mara mbili.

Asubuhi moja mama alikuwa akimlisha uji. Baba akageuza uso. Akasema, "Mtumbwi."

Mama akamwambia upo, umefungwa pale pale.

"Niliazima," akasema baba.

Kilichotushtua kwanza ni kwamba alisema kwa Kiswahili. Nyumbani husema Kipokomo. Kiswahili cha baba kilikuwa cha sokoni, na cha mtu mmoja zaidi: rafiki yake mfugaji, Mworma wa ng'ambo ile, waliyejuana naye tangu wote wawili wakiwa na meno kamili. Baba hakujua Kiorma, rafiki hakujua Kipokomo, kwa hiyo urafiki wao wote waliufanya kwa Kiswahili, na kila mmoja alikivunja kwa namna yake. Neno lile likatuonyesha linamhusu nani. Halikutuonyesha lingine lolote.

Maana niambie. Niliazima, yaani nilichukua, au niliazima, yaani nilitoa?

Mama hakuona utata wowote. Mtumbwi ule aliuchonga baba kwa mkono wake, na mama mwenyewe aliwapikia watu waliovuta gogo. Hadi leo alama za tezo zinaonekana ubavuni, na kila mtu pale kijijini anajua mtindo wa baba wa kuchonga, pua imeinuka kidogo kama ya mtu mwenye maringo. Mtu ataazimaje kitu alichokichonga mwenyewe? Basi ni kwamba alimwazima rafiki yake zamani, ukarudi, na sasa ugonjwa unachanganya jana na juzi. Akajaribu tena kijiko.

Baba hakula. Kesho yake alisema tena, na kesho kutwa. Mtumbwi. Niliazima. Akawa anatoa machozi, na uji unaganda bakulini.

Shangazi yangu, aliyeolewa kule Kipini na kurudi na Kiswahili cha pwani kinachoteleza kama samli, alikuja kumjulia hali kaka yake. Alipolisikia neno lile alisimama wima. Kwao azima ni kombe na hirizi, ni maandishi anayosomewa au kunyweshwa mgonjwa. Akasema mnakaa mnabishana na huku mtu anawaambia wazi kwamba mtumbwi una azima. Tukaupindua ufukweni. Alikwaruza kila ufa kwa kisu, akapapasa chini ya kila ubao wa kukalia, na alichopata ni ndoana yenye kutu na nusu ya kandambili yangu niliyoipoteza nikiwa kijana. Aliitazama ile kandambili kwa muda mrefu, kama vile hajaamua kama haina kitu.

Mimi nikaona wakati wa elimu umefika. Jioni, kabla ya kwenda darasani, nilikaa kitandani mwa baba na kijiko mkononi, nikakigeuza kuwa rula. Nikamwambia baba, kijiko hiki ni mtumbwi. Kikitoka kwako kwenda kwa rafiki yako, hiyo ni lend. Kikitoka kwake kuja kwako, borrow. Nikakipeleka, nikakirudisha. Nikamwambia, kikifika pale panapostahili, nishike mkono. Baba aliniangalia kama unavyomwangalia mbuzi aliyeingia kanisani. Kijiko kilipomfikia mara ya tatu alikichukua, akakichovya kwenye bakuli, akala.

Mama alikuwa mlangoni. "Basi ngumbaru imefaa," akasema. "Angalau amekula."

Lakini asubuhi yalikuwa yale yale, na sasa alinyoosha ule mkono mzima kuelekea ng'ambo. Nikamwambia mama nitavuka nikamuulize mwenyewe. Mama aliweka chini ungo wake. Alisema polepole, bila kugomba, na ndiyo maana nimeyakumbuka. Alisema ana wasiwasi. Alisema baba hakuwa mtu wa kulia kwa jambo alilolitoa, alikuwa mtu wa kulia kwa jambo alilolichukua.

"Ukiuliza utajibiwa," akaniambia. "Na huyo mzee akisema mtumbwi ni wake, mimi shambani nitaenda na mabawa?"

Upande mmoja baba hapumziki, upande mwingine mama anapoteza njia ya shamba, na mimi katikati nikiwa na usingizi wa mwaka mzima. Jumapili, mashine ikiwa imefungwa, nikavuka.

Kutoka ufukweni hadi kwa yule mzee ni mwendo wa kawaida, lakini miguu yangu siku hiyo iliuhesabu kama kwenda Nairobi na kurudi kuchukua kofia iliyosahauliwa. Ilikuwa kiangazi. Nyasi zimekwisha, ardhi imepasuka vipande vipande. Wanawe walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho, na boma lilikuwa kimya. Nilimkuta amekaa kivulini mwa nyumba, miguu imevimba, amejinyoosha kwenye ngozi. Tulisalimiana kwa urefu. Aliniuliza habari za baba, nikamwambia. Aliuliza tena, kana kwamba jibu la pili lingeweza kuwa afadhali. Alisema angekuja kumwona, ila miguu imekataa.

Akaomba niletewe chai. Akaniambia niisamehe, ni ya rangi, maziwa yamesafiri na ng'ombe.

Nikaingia kwenye jambo langu. "Mzee, ule mtumbwi. Kati yako na baba, ni nani aliyeazima?"

"Tuliazima," akasema.

"Sawa. Lakini nani kwa nani?"

"Mimi kwa yeye. Yeye kwa mimi."

Nikashusha pumzi. Nikamwomba fimbo yake, nikaanza tena somo la rula: fimbo ikitoka huku, fimbo ikienda kule. Alinitazama kwa makini kabisa, na nilipomaliza akanyoosha mkono. "Nirudishie fimbo kwanza," akasema. "Nyinyi Wapokomo mnasoma hadi uzeeni, na bado mnakuja kuchukua vitu vya watu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia, akaanza kunieleza, na nikaona kwamba alikuwa amelielewa swali tangu mwanzo. Alikuwa anataka tu kunichezea kidogo, maana kwa muda mrefu hakuwa na mtu wa kumchezea.

Alisema mimi nilipozaliwa mama aliugua, maziwa yakamkauka, na mimi nikawa mwembamba kama upondo wa kusukumia mtumbwi. Yeye akaleta ng'ombe wake mmoja wa maziwa, akamfunga kwetu, akamwambia baba mkamue mpaka mtoto asimame. Nilisimama. Baba akarudisha ng'ombe pamoja na ndama wake. Halafu, bila kuombwa, akachonga mtumbwi na kumpa, ili mkewe awe anavusha maziwa kwenda kuuza bila kusubiri watu. Alimpa kabisa, akatia mkazo. Huo hakuuazima, alimpa.

Nikamuuliza, basi ulifikaje kwetu?

Mto ulifurika, akasema, ukauchukua mtumbwi mwingine, ule wa baba wa siku zote. Baba akaja ufukweni upande wa pili, akaita kwa sauti juu ya maji yote yale: "Niazime!"

"Mimi nikamwazima," akasema mzee. "Mtoto wangu akaupeleka. Toka siku ile uko kwenu."

Mama hakuwa amesema uongo. Mkono uliouchonga ni wa baba na chakula cha wavuta gogo kilikuwa chake. Kilichokuwa hakijulikani kwake ni kwamba mtumbwi ulipokwenda ng'ambo mara ya kwanza ulikwenda kwa kupewa, na hapo jina la mwenyewe likabadilika. Baba aliazima kazi ya mikono yake mwenyewe. Kwa Kiingereza, borrow. Nililipata jibu, na nilitamani kulirudisha.

"Hukuwahi kuudai?"

"Nilidai sana. Kila nikija kwenu namuuliza, na mtumbwi wangu? Yeye anasema, kesho. Tunacheka, tunakunywa chai. Nikija tena, na mtumbwi wangu? Kesho." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ilikuwa mchezo yetu, hiyo. Hata mama yako alidhani ni utani tu."

Nilifikiria baba kule kitandani, na maneno aliyobakiwa nayo, na kwamba kesho halikuwa mojawapo.

Nikamuuliza kama atauchukua. Mzee akauliza baba anataka nini. Nikasema nadhani anataka kurudisha.

"Basi atarudisha," akasema. "Nitakuja. Mama yako atanipiga na kafi, lakini nitakuja."

Kurudi kuvuka nilipiga kafi kama mtu anayekoroga uji wa kijiji kizima. Nilimweleza mama yote pale pale ufukweni, kabla hata ya kuufunga. Alisikiliza amesimama, maji yakimlamba miguu. Aliposikia habari ya ng'ombe alinitazama kuanzia juu hadi chini, kama anayepima kama maziwa yale yalitumika vizuri. Jioni hiyo aliusugua mtumbwi kwa mchanga, ndani na nje.

Mzee alikuja katikati ya wiki. Kwa kuwa mtumbwi ulikuwa upande wetu, na yeye hakutaka kuuvukia kabla hajarudishiwa, alizunguka kwa bodaboda hadi darajani Garsen na kupanda tena, njia yote ile, na miguu ile. Alifika amekaa nyuma ya dereva na fimbo mapajani, wima, kama mtu aliyepanda ng'ombe asiyemwamini. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, na mwenye mashine alinipa kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Mama alimpokea kwa heshima zote. Alimpikia chai yenye maziwa mengi kuliko majani. Kisha akaenda kukaa nje, mgongo umetugeukia.

Baba alipomwona rafiki yake, mdomo wake ulihangaika. Mzee alikaa kando ya kitanda, akauchukua ule mkono mzima.

"Mtumbwi," akasema baba.

"Nimekuja kuuchukua."

"Niliazima."

"Uliazima, ndiyo. Uliazima kwangu. Leo umerudisha. Sasa ni wangu, mimi na wewe hakuna deni."

Baba alimtazama muda mrefu. Kifua chake kilipanda, kikashuka, na safari hii kiliposhuka kilishuka kweli. "Haya," akasema. Hakulia. Walikaa hivyo wameshikana mikono, wazee wawili, hadi baba akalala. Mzee akaniashiria nimsaidie kusimama.

Tulishuka taratibu hadi majini. Aliushika mtumbwi kwenye ile pua yenye maringo, akaupapasa kama anavyopapasa ng'ombe aliyerudi kutoka mbali. Akauliza nani amemsugulia. Nikamwambia mama. Nikamwingiza, nikamkalisha, nikachukua kafi nimvushe kwake. Mwili wangu wote uliniuma, na nilikuwa tayari najiona nikirudi kwa kuzunguka darajani, nikiwaza namna ya kumwambia mama kwamba nitamtafutia njia nyingine, na njia yenyewe sikuwa nayo.

Nikasikia hatua nyuma yetu. Mama alikuwa anateremka ukingoni, jembe begani, kikapu cha mbegu mkononi, kama asubuhi nyingine yoyote. Alisimama mahali anaposimama kila siku. Akamtazama mzee usoni.

"Shemeji," akasema, "niazime mtumbwi."

Mzee aligeuza kichwa polepole kwangu. "Mwalimu. Hiyo ni ile gani?"

"Kwako ni lend, mzee," nikasema. "Kwake ni borrow."

"Lakini neno amesema moja."

"Amesema moja."

Akalifikiria, au alijifanya analifikiria. Kisha akasogea kumpisha nafasi. "Chukua," akamwambia mama. "Lakini utarudisha."

Mama aliweka kikapu ndani, akakunja leso, akaingia na kukaa. "Kesho," akasema.

Mzee alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, na mimi nikawaomba, wazee wangu, tafadhalini, viboko. Nikawavusha wote wawili. Mama akaenda shambani kwake, mimi nikamsindikiza mzee hadi bomani, na mtumbwi ukabaki pale ufukweni ukimsubiri mwazimaji wake wa jioni.

Kazini nilichelewa siku iliyofuata, na jioni nililala darasani kabla ya mwalimu kuandika tarehe ubaoni. Lakini asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla sijaondoka, nilimsikia baba akiuliza tena. Mtumbwi. Mama alikuwa na bakuli mkononi. Alimwambia upo, ila si wetu, ni wa watu, na aliyeazima sasa ni mimi mkeo, wewe usijisumbue. Baba akafungua mdomo, na mama akatia kijiko.